Ufunguo wa Mama Mkwe

Nchi ninayoisimulia haina jina. Jina lake lilipelekwa kamatini likafanyiwe marekebisho na mpaka leo halijarudi. Tunaishi vizuri tu bila jina. Barua za kutoka nje hutufikia, kwa kuwa posta za dunia nzima zinajua kuna nchi moja tu ambayo wananchi wake hunawa kwa amri ya serikali.

Kwetu usafi ni sera. Kila mwaka ipo Siku ya Usafi wa Taifa. Siku hiyo Mkuu wa Nchi hupanda jukwaani, hukabidhiwa mche wa kwanza wa sabuni mpya, hunawa mikono mbele ya umati, na umati hupiga makofi mpaka mikono yake ikauke yenyewe. Sabuni hiyo hutengenezwa na Kampuni Kuu ya Sabuni, ambayo ni kuu kwa sababu hakuna nyingine. Mimi ni mwandishi wa jarida la kampuni hiyo, liitwalo Povu. Nimeliandikia miaka mingi na hakuna bosi aliyewahi kulalamikia hata sentensi moja, jambo linaloonyesha jinsi ninavyopenda ukweli.

Kampuni yetu ilikuwa na watu wa aina mbili: wa chama na wasio wa chama. Wa chama cha wafanyakazi walikuwa wapika sabuni, wakata miche, wasafisha matangi na wapakiaji. Hao walikuwa na mkataba wa pamoja. Ukimwamrisha mmoja wao afanye jambo lisilokuwamo mkatabani, alikuwa anakutazama tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Wasio wa chama walikuwa mameneja, maofisa, wasaidizi wa maofisa, na wasaidizi wa wasaidizi. Hao hawakuwa na mkataba wa maana, ila walikuwa na viti. Waliweza kufukuzwa kwa simu, tena katikati ya tonge, lakini mpaka simu hiyo ilie walikuwa wamekaa. Wa chama waliingilia lango la nyuma wakanywa chai ya rangi. Wasio wa chama waliingilia lango la mbele wakanywa chai ya maziwa. Kila upande uliuonea wivu upande wa pili, na sabuni ilipatikana.

Kisha Mkurugenzi Mkuu wetu, Daktari Mhandisi Balozi Alfani Msembwe, akaenda semina ng'ambo. Wengine hurudi na mafua. Yeye alirudi na neno: kuoanisha.

"Ndugu wafanyakazi!" alitutangazia uwanjani, juu ya jukwaa lililopigwa deki mara mbili. "Haiwezekani, chini ya paa moja na ndani ya povu moja, kuwe na kazi mbili zinazofanana zenye masharti tofauti! Na haiwezekani vilevile kuwe na kazi mbili tofauti zisizofanana! Kila kazi ya chama itatafutiwa mwenzake asiye wa chama. Zitaoana! Zitazaa tija!"

Tulipiga makofi. Mzee mmoja wa ghalani alitokwa na machozi, ingawa baadaye alidai ni magadi.

*

Kazi ya kuoanisha alipewa mtaalamu, Bwana Ndelwa, kijana mwenye suti ya kijivu na viatu visivyotoa sauti. Alikuwa akimtazama mfanyakazi kwa zamu nzima, kisha anajiuliza maswali matatu. Je, mtu huyu hukaa au husimama? Je, husema au hunyamaza? Je, asipokuwepo, kuna kinachosimama? Majibu yakifanana, kazi ni moja, na wenye kazi wanahamishiwa upande mmoja.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Mfagizi wa ua alioana na Mkuu wa Mipango, kwa kuwa wote wawili huyatoa mambo upande huu na kuyapeleka upande ule. Mwonja chumvi wa kantini alioana na Ofisa Ubora, naye Ofisa Ubora akafurahi, maana sasa angalau angeonja kitu. Kazi yangu mimi ilioana na ya mpiga pasi wa sare. Sikuuliza kwa nini.

Hata mwenyekiti wa chama, Ndugu Kipande, mtu aliyewahi kugonga meza mpaka ikapasuka, alioanishwa. Ilionekana kuwa kazi yake inafanana kabisa na ya Ofisa Mahusiano Kazini: wote wawili huingia mkutanoni wakiwa na hasira na kutoka wakiwa wameshiba. Wakampa kazi zote mbili. Kuanzia hapo mazungumzo kati ya chama na kampuni yalifanyika kwa amani ambayo haijawahi kuonekana, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Wakati mwingine ulimsikia akijikatalia jambo kwa sauti kali, kisha akijielewa.

*

Sasa nifike kwa Mama Mkwe.

Hilo ni tangi. Ndilo kubwa kuliko yote, na ndani yake yamo mapanga ya chuma yanayokoroga sabuni. Wafanyakazi waliliita Mama Mkwe kwa kuwa huingii humo hivihivi. Unaingia kwa adabu, umeinamisha kichwa, na unaomba utoke salama. Kila baada ya pishi, msafishaji hujipenyeza kwenye mlango mdogo na kukwangua ukoko. Akiwa humo, mapanga yakiwashwa, hakuna hadithi tena.

Kwa hiyo palikuwa na desturi, ya zamani kuliko mkataba wenyewe. Msafishaji haingii mpaka mapanga yamefungwa kwa ufunguo, na ufunguo umevaliwa shingoni na mtu aliyesimama mlangoni. Mtu huyo haondoki, hakai, hashiki kazi nyingine. Ufunguo hampi mtu yeyote isipokuwa yule aliyeingia, tena akiwa ametoka, ameusimamisha mwili wake wote nje, amenyoosha mkono wenye ukoko. Hata Mkuu wa Nchi akija, hampi. Hivyo ndivyo wapika sabuni walivyopenda kusema, ingawa kwenye jarida sikuwahi kuliandika.

Mshika ufunguo alikuwa Sikujua Mbelwa, mwanamke mrefu, mnene wa mabega, aliyevaa viatu vya mpira na hakuwa na maneno mengi. Msafishaji alikuwa Kitwana, mume wa mdogo wake Zamoyoni. Mtu na shemeji yake. Ungewasikia kutwa nzima, mmoja ndani ya chuma, mwingine nje.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Kwani nikienda wapi nitapata mtu mchafu kama wewe?"

"Mwambie mdogo wako leo apike wali."

"Mdogo wangu ana mimba, wali utapika wewe."

Utani huo haukuwa mchezo mtupu. Kila jibu lilikuwa linamwambia mtu aliye gizani kwamba nje kuna mtu.

Bwana Ndelwa alifika akasimama pembeni, akamtazama Sikujua zamu nzima. Mama wa watu alisimama tu. Alikuja msimamizi wa zamu akaomba ufunguo, mapanga yajaribiwe kidogo, akakataa. Alikuja fundi, akakataa. Alikuja meneja uzalishaji mwenyewe na saa yake mkononi, akasema sabuni inachelewa. Akamkatalia bila hata kumtazama usoni.

"Samahani mama," Bwana Ndelwa akauliza mwishoni, "kazi yako hasa ni nini?"

"Kukataa."

"Unakataa nini?"

"Wanachotaka."

"Unamkatalia nani?"

"Kila mtu."

"Na kwa kutwa nzima hukugusa kazi yoyote?"

"Nikigusa kazi nitaharibu."

Nilikuwapo, nikaona jinsi Bwana Ndelwa alivyofunga vifungo vya koti na kusimama wima. Alikuwa ametembea nchi ngapi akifundishwa juu ya uongozi wa ngazi ya juu, na hakutegemea kuukuta umevaa viatu vya mpira. Mtu asiyefanya kazi yoyote, anayewakatalia watu wote, asiyetoa sababu, na akisimama yeye kila kitu kinasimama! Kwa maswali matatu ya kitaalamu, mtu huyo alikuwa na mwenzake mmoja tu katika kampuni nzima. Alikuwa Mjumbe wa Bodi.

*

Tangazo lilisomwa uwanjani. Sikujua Mbelwa anatolewa upande wa chama na kuwa Mjumbe wa Bodi, mjumbe wa saba, mwenye kiti cha ngozi na chai ya maziwa. Wapakiaji walimbeba juujuu. Yeye alikuwa juu ya mabega yao akiuliza, "Na mlangoni atasimama nani? Jamani, mlangoni nani?" Kelele zilikuwa nyingi mno.

Alimwendea Ndugu Kipande.

"Mwenyekiti, nirudisheni kwenye tangi."

"Dada Sikujua," alisema Ndugu Kipande kwa upole wa mtu aliyeshiba, "mimi natetea wanachama. Wewe si mwanachama tena. Nikikutetea wewe nitakuwa naiingilia Bodi."

"Basi mtetee Kitwana. Yeye bado mwanachama."

"Kitwana hana malalamiko. Nimemuuliza Ofisa Mahusiano Kazini, akaniambia hajapokea lolote."

Akamwendea Mkurugenzi Mkuu. Daktari Mhandisi Balozi alimpokea vizuri sana, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mheshimiwa mjumbe, wasiwasi wako tumeuona. Kushika ufunguo ni kazi ya Bodi. Hilo limethibitishwa kitaalamu. Sasa unataka kazi ya Bodi ifanywe na kibarua, amesimama kwenye matope? Ufunguo utahamia mezani kwetu. Utalindwa na wajumbe saba badala ya mmoja. Usalama umepanda mara saba!"

Kweli ukahamia. Ulishonewa mto mwekundu wenye nyuzi za dhahabu, ukawekwa katikati ya meza ndefu ya Bodi, na tarishi mwenye glavu nyeupe akapewa jukumu la kuubeba, ukihitajika. Niliuandikia ukurasa mzima kwenye Povu.

*

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya, Kitwana alifika kwenye tangi akakuta mlangoni hakuna mtu. Aliingiza kichwa, akaita, "Shemeji, upo?" kwa mazoea tu, na sauti yake ikamrudia. Akatoa kichwa. Akakaa chini, akasema haingii.

Wakamwambia huo ni mgomo. Akasema, mgomo gani wa mtu mmoja? Wakamwambia ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hauna hata kamati ya kuzungumza nayo. Wakampa mpaka kesho yake. Nyumbani alikuwa na mke ambaye tumbo lilikuwa limeshuka, na wiki ile wote tulikuwa tunasukumwa, maana Siku ya Usafi wa Taifa ilikuwa imekaribia na mche wa kwanza ulikuwa haujapatikana.

Jioni Sikujua alikwenda kwao. Zamoyoni ndiye aliyenieleza baadaye yaliyozungumzwa, maana alikuwa hapohapo akichambua mchele.

"Nitasema kikaoni," Sikujua alimwambia shemeji yake. "Wewe usiingie kwanza."

"Nisipoingia wananifukuza. Nikuulize jambo moja. Huo ufunguo, kikaoni, unakaa wapi?"

"Mezani."

"Mbali na wewe?"

"Mbele yangu. Nikinyoosha mkono naugusa."

Kitwana akacheka. "Sasa tatizo liko wapi, shemeji? Ulikuwa nao shingoni, sasa unao mezani. Wewe ndiye yuleyule. Wengine wote wakiwa wajinga, wewe upo. Naingia."

Sikujua alipapasa shingo yake tupu. Zamoyoni akamwambia mumewe, "Si umesikia? Dada yupo," akaendelea kuchambua mchele.

*

Kikao cha Bodi kilianza asubuhi kwa sala, wimbo wa kampuni, na kunawa mikono. Mimi nilikaa kwenye kona na kalamu yangu. Baada ya chai, Mkurugenzi Mkuu alisimama.

"Waheshimiwa wajumbe, taifa linasubiri kunawa. Naleta hoja ufunguo utolewe, mapanga yawashwe."

Sikujua alinyanyua mkono. "Kuna mtu tangini?"

"Swali zuri," alisema Mkurugenzi Mkuu.

"Swali zuri sana," wakasema wajumbe, na mmoja akaongeza kuwa ndiyo faida ya kuwa na mjumbe aliyetoka chini.

"Ila swali hilo," aliendelea Mkurugenzi Mkuu, "linahusu upande wa chama. Bodi haiwezi kuchungulia tangi kama vibarua. Taarifa ya nani yumo na nani hayumo italetwa na Ofisa Mahusiano Kazini baada ya kushauriana na mwenyekiti wa chama. Kwa sasa wanashauriana." Kweli Ndugu Kipande alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa.

"Basi mimi nakataa," alisema Sikujua.

Niliitambua sauti ile. Ilikuwa ileile ya mlangoni, iliyokuwa ikiwarudisha mameneja na saa zao. Kwa kitambo nilidhani mambo yameishia hapo.

"Tumekusikia, mheshimiwa," Mkurugenzi Mkuu alisema kwa heshima yote. "Katibu, andika: mjumbe mmoja amekataa. Wanaokubali?"

Mikono sita ikapanda.

Zamani kukataa kwake kulikuwa kumoja na kulitosha. Sasa kulikuwa kumoja kati ya saba. Nilimwona akiutazama mkono wake uliokuwa bado juu, kama mtu aliyepewa mkono wa mwenzake. Ufunguo ulikuwa palepale mbele yake juu ya mto. Tarishi akaja na glavu zake, akauinua mto, akageuka. Desturi ya Bodi ni kupiga makofi mpaka mto uvuke ua wote, na tulipiga. Mimi nilipiga juu ya paja, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa na kalamu.

Makofi yalipokwisha ndipo Sikujua alipoinuka. Kiti cha ngozi kilianguka nyuma yake. Alitoka mbio, akashuka ngazi, akakata ua, tukawa tunamtazama dirishani, mjumbe mzima wa Bodi anakimbia. Alikuwa hajafika katikati ya ua mapanga yalipoanza kulia.

*

Kitwana alikuwa na miaka thelathini na kitu. Sina mzaha wa kuweka hapa. Iliniuma na inaniuma.

Kampuni ilisikitika kwa utaratibu. Palizuka swali gumu: marehemu alikufa upande gani? Aliyekufa alikuwa wa chama, lakini ufunguo uliomuua haukuwa wa chama. Bwana Ndelwa akaitwa akioanishe kifo. Aliuliza maswali yake matatu. Alikuwa amekaa au amesimama? Alisema au alinyamaza? Wapika sabuni waliokuwa karibu walisema alisema, aliita, ila hawakutaka kueleza aliita nini. Swali la tatu lilipofika, asipokuwepo kuna kinachosimama, wote chumbani walisikiliza. Mashine zilikuwa zinanguruma. Wakaandika kuwa hakuna.

Mkuu wa Nchi alinawa siku iliyopangwa. Sabuni ya pishi lile ilitupwa yote. Hilo nililithibitisha kwenye jarida, kama nilivyoelekezwa nithibitishe.

Msibani, Daktari Mhandisi Balozi alihutubia kwa muda mrefu. Alimwita marehemu daraja kati ya pande mbili. Alipomaliza, Zamoyoni, aliyekuwa amekalishwa mkekani na wanawake wawili wamemshikilia, alimgeukia dada yake.

"Dada, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kikaoni."

"Na ufunguo?"

"Ulikuwa mbele yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nilikataa," alisema. "Wakaandika."

Zamoyoni hakulia wala hakumtukana. Alijifunika khanga usoni, na tangu hapo hakumsemesha.

*

Kikao kilichofuata kilipoanza, msafishaji mpya alikuwa ameshaajiriwa na ameshaingia kazini. Mkurugenzi Mkuu alikuwa katikati ya kuleta hoja Sikujua aliponyoosha mkono. Tulidhani anataka nafasi ya kusema. Alichukua ufunguo kutoka kwenye mto, akauvaa shingoni, akaanza kutoka.

"Mheshimiwa, hatujapiga kura!"

"Pigeni," alisema.

Wakapiga. Sita dhidi ya kiti kitupu. Yeye alikuwa ameshafika mlangoni kwa Mama Mkwe, amesimama.

Wamemvua ujumbe wa Bodi. Chama nacho kimesema hakimtambui, kwa kuwa aliondoka kwa heshima na hakuna fomu ya kurudi. Mshahara umekatwa pande zote mbili. Walitaka kumwandikia amri arudishe ufunguo, lakini kila amri ya kampuni yetu huanza kwa kutaja mfanyakazi ni wa upande gani, na yeye hana upande, kwa hiyo amri zote zimekwama mstari wa kwanza. Walituma walinzi mara moja. Wapika sabuni waliacha moto wakaja kusimama karibu naye, na nyuma yao nikaona hata wachache wa chai ya maziwa. Walinzi waliamua kwamba wameona vibaya, wakarudi. Sabuni hutoka ikiwa imechelewa. Kwenye Povu naandika kuwa inakomaa.

Zamoyoni alijifungua mtoto wa kike. Siku hizi, ikifika mchana, huja na mtoto mgongoni na bakuli lililofunikwa sahani, huliweka chini karibu na viatu vya mpira vya dada yake, na huondoka. Sikujua humwambia, "Asante, mdogo wangu." Yeye hajibu. Hajawahi kujibu hata mara moja.

Juzi nilimfuata Zamoyoni mpaka langoni. Nilimuuliza, kwa nini anamlisha mtu ambaye yeye mwenyewe hataki hata kumsalimia? Alimrekebisha mtoto mgongoni, akanitazama kwa mshangao, kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Asipokula ataanguka," alisema. "Na mle ndani yumo mume wa mtu."